Mama anakunywa unga wa mlonge pamoja na ARV, na kipimo cha ini kimepanda: aache nini?

Swali: "Shikamoo mama mfamasia. Mama yangu ana miaka 58, anaishi Nansio, Ukerewe. Yuko kwenye ARV mwaka wa tisa, sasa anameza TLD. Pia anatumia amlodipini 10 ya presha na metformini 500 asubuhi na jioni. Tangu mwezi wa tatu anakunywa unga wa mitishamba alioununua kwa mchuuzi hapa mjini Mwanza, kijiko cha chakula mara tatu kwa siku kwenye uji. Pakiti imeandikwa mlonge, mwarobaini, shubiri, pilipili manga 'na mizizi mingine', kwamba unatibu presha na sukari na kusafisha ini. Sasa anachoka, hana hamu ya kula, akisimama anapata kizunguzungu na miguu imeanza kuvimba. Wiki iliyopita alipimwa, ALT 148. Akaambiwa vimeng'enya vya ini vimepanda. Muuzaji anasema hiyo ni dalili njema, sumu inatoka, na kwamba ARV ndizo zinazoharibu ini, aziache kwanza mwezi mmoja. Mama amemwelewa muuzaji kuliko sisi. Nimwambie aache nini?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Nianze na yasiyongoja. Mama asiache ARV hata siku moja. Unga auache leo, wote, asipunguze kidogo kidogo. Na aonwe na daktari ndani ya wiki hii, iwe hapo hapo Nansio au huku Mwanza, asisubiri tarehe yake ya kliniki. Macho yakiingia unjano, mkojo ukiwa kama chai ya rangi, akianza kutapika, kuchanganyikiwa au kusinzia mchana kutwa, basi usingoje wiki iishe, mpeleke siku hiyo hiyo.

Mengine yote ninayoandika hapa ni ya kukusaidia kuzungumza naye. Mama wa miaka 58 hatupi dawa aliyoinunua kwa hela yake kwa sababu tu mtoto amesema. Atataka aelewe, na ana haki hiyo.

Muuzaji amechanganya vitu viwili vinavyoitwa kwa jina moja. Hata sisi wa vituoni tunachangia, maana tunasema "vimeng'enya vya ini vimepanda" halafu tunaita mgonjwa anayefuata. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. Kuna vinavyopimwa kwenye damu, hivyo ndivyo ALT na AST. Na kuna vingine kabisa ambavyo kazi yake ni kuchakata dawa na sumu ndani ya ini. Hivyo havipo kwenye karatasi ya majibu aliyopewa mama. Nikisoma dalili zake naona huenda unga umegusa pande zote mbili, kila upande kwa njia yake.

ALT makazi yake ni ndani ya seli za ini. Kwenye damu huwa kidogo tu, na maabara nyingi huweka mwisho wa kawaida karibu na 40. Mkumbushe mama magunia ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Gunia likiwa zima, sakafu inabaki safi. Ukikuta dagaa wamemwagika chini, hakuna mchuuzi atakayekuambia gunia linajisafisha. Limechanika. ALT 148 ni karibu mara nne ya mwisho wa kawaida, maana yake seli za ini zinaumia na vilivyomo vinavuja. Sumu inayotoka mwilini hupita kwenye mkojo, au kwenye nyongo hadi chooni, na katika safari hiyo yote hakuna mahali ambapo seli ya ini inatakiwa ipasuke.

Lakini ALT inaonyesha uharibifu tu, haionyeshi kama ini bado linafanya kazi. Kazi ya ini inaonekana kwenye bilirubini (ile rangi inayoleta manjano ikizidi), albumini (protini ya damu inayotengenezwa na ini) na muda wa damu kuganda. Wewe umenitajia ALT peke yake. Angalia karatasi tena. Kama bilirubini haikupimwa, iombe. Daktari mmoja wa Marekani, Hyman Zimmerman, aliyetumia maisha yake kuchunguza maini yaliyoumizwa na dawa, aligundua kwamba ALT ikizidi mara tatu na wakati huo huo mgonjwa akawa na manjano yaliyosababishwa na dawa, karibu mmoja kati ya kumi hufariki. Kanuni hiyo inatumika hadi leo. Na kwa wagonjwa wa kifua kikuu tunasimamisha dawa zinazogusa ini pale ALT inapozidi mara tano, au mara tatu tu kama mgonjwa ana dalili. Mama yako amevuka mara tatu, na dalili anazo: uchovu, chakula hakipiti. Ndiyo sababu ya haraka yangu.

Sasa vile vimeng'enya vya aina ya pili. Ukoo wake unaitwa saitokromu P450, na kila mmoja ana namba yake. Mkubwa wao kwa kazi ni CYP3A4, anayeishi kwenye ini na kwenye ukuta wa utumbo mdogo. Karibu nusu ya dawa tunazotumia hupita mikononi mwake. Turudi Mwaloni, lakini sasa kwa wapara samaki. Mitumbwi inaleta samaki, wapara wanapara, mzigo unaondoka. Dozi ya dawa imepangwa kwa kuhesabu kasi hiyo: ukimeza amlodipini ya 10 kila siku, mtengenezaji amekadiria kwamba kiasi fulani kitakuwa kimeshapunguzwa kesho muda kama huo. Mtu akija na mzigo mwingine akawashika wapara wote, samaki wako watabaki wakirundikana. Na mtu akileta wapara wapya thelathini, mzigo wako utaisha kabla hujaugusa. Mitishamba inaweza kufanya la kwanza au la pili, na ipo inayofanya yote mawili kwa nyakati tofauti.

La kwanza, la kuwashika wapara, liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada, wakiongozwa na David Bailey, walikuwa wanaangalia kama pombe inaathiri dawa ya presha iitwayo felodipini. Ili watu wasitambue nani amepewa pombe, waliificha ladha yake kwenye maji ya balungi. Dawa kwenye damu ikapanda kupita walivyotarajia, na pombe haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la balungi. Vitu vilivyomo kwenye tunda hilo vinaua CYP3A4 za kwenye utumbo, na utumbo unahitaji siku moja hadi tatu kutengeneza nyingine. Kwa hiyo kunywa dawa asubuhi na balungi jioni hakusaidii kitu. Hiyo ni juisi ya tunda, haina hata jina la dawa. Mtu akikuambia kitu cha asili hakiwezi kuingilia dawa za hospitali, mkumbushe balungi.

Kwenye pakiti ya mama, anayenitia shaka zaidi kwa kazi hii ni pilipili manga. Ukali wake unatokana na piperini, na piperini inazuia CYP3A4 na pia ule mlango wa utumbo unaorudisha dawa nje. Watu waliopewa miligramu 20 tu za piperini walionekana kuwa na dawa nyingi zaidi kwenye damu: propranololi ya presha, fenitoini ya kifafa na teofilini ya pumu. Gramu moja ya pilipili manga ina kama miligramu 50. Kwenye pilau unaigawa sufuria nzima kwa watu kumi na humli pilau kila siku. Kwenye unga unaonyweka vijiko vitatu kwa siku, miezi mfululizo, hesabu ni nyingine.

Amlodipini inapita kwa CYP3A4. Ikirundikana, presha hushuka mno, mtu akisimama dunia inazunguka, na miguu huvimba. Umeona yanavyofanana na ulivyoandika. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichotokea: amlodipini ya 10 huvimbisha miguu hata bila mitishamba, na miguu kuvimba kunaweza kutoka kwenye moyo, figo au ini lenyewe. Mlonge nao huweza kushusha presha kidogo kwa njia yake. Kwa hiyo apimwe presha akiwa amekaa kitako, kisha apimwe tena akiwa amesimama dakika tatu, na figo zipimwe pia. Dakika tatu hizo watu wengi hawazipimi, zidai.

Kule kuongeza wapara kunakwenda polepole. Seli za ini zinapata ujumbe kwamba kuna mgeni mwingi, zinaanza kutengeneza vimeng'enya vingi zaidi, na inachukua kama wiki mbili kufika kileleni. Mgeni akiondoka, inachukua wiki mbili nyingine kurudi chini. Bingwa wa kazi hii ni rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Huku kwetu ziwani nimeona matokeo yake kwa macho yangu. Mvuvi mmoja wa visiwani alikuja akiwa na mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu. Alikuwa amemeza prazikwanteli ya kichocho mara mbili, kwa kipimo sahihi cha uzito wake, na mayai ya kichocho bado yalionekana kwenye choo. Alikuwa na hasira, anasema dawa za serikali ni feki, na alikuwa ameshika mkononi chupa ya soda yenye mizizi iliyochemshwa, tayari kuanza kitu kingine. Dawa zilikuwa nzima. Prazikwanteli inachakatwa na CYP3A4, na kwa mtu aliye kwenye rifampisini inamalizwa karibu yote kabla haijawafikia minyoo. Maelekezo ni kwamba rifampisini iwe imeachwa wiki nne ndipo prazikwanteli itolewe. Tulisubiri amalize, zikapita wiki nne, akameza tena. Kipimo kilichofuata hakikuwa na yai. Nakueleza hili kwa sababu lile alilopata kwa dawa ya hospitali ndilo mtu anaweza kulipata kwa mzizi, tofauti ni kwamba kwenye mzizi hakuna aliyetuandikia wiki nne.

Mfano wa mmea uliothibitika vizuri ni Hypericum perforatum, ua la njano la Ulaya linalouzwa kwa vidonge vya kutuliza huzuni. Mwaka 2000 ilionekana kwamba linapunguza indinaviri, moja ya ARV za wakati ule, kwa asilimia 57. Mwaka huo huo ziliandikwa habari za wagonjwa waliopandikizwa moyo ambao miili yao ilianza kuukataa kwa sababu dawa ya kuulinda ilishuka baada ya kumeza ua hilo. Huku sokoni halipatikani, lakini vidonge vyake vinaagizwa kwa simu, na nimewahi kuletewa kopo niulizwe kama ni zuri.

Kitunguu saumu chenyewe, kile cha mchuzi, kilipojaribiwa kwa vidonge vizito mara mbili kwa siku kwa wiki tatu hivi, kilishusha ARV nyingine, sakwinaviri, kwa karibu nusu, na siku kumi baada ya kuacha dawa ilikuwa bado haijarudi kikamilifu mahali pake. Utafiti huo ulitoka 2002. Nasisitiza neno vidonge. Kitunguu saumu kwenye mchuzi wa sato hakijawahi kunifanya nimkataze mtu.

Hapa niseme ukweli kuhusu mlonge, maana najua mama ataulizia. Kwenye maabara, ukiuchanganya na CYP3A4 ndani ya kichupa, majani ya mlonge yanaizuia. Tulipoyasikia hayo, wengi tulianza kuwatisha wagonjwa. Kisha watafiti wa Zimbabwe wakafanya kazi iliyotakiwa: waliwapa watu wenye VVU waliokuwa kwenye nevirapini, ARV inayopita kwa CYP3A4, unga wa majani ya mlonge, wakapima dawa kwenye damu. Matokeo yalitoka 2017, na nevirapini haikubadilika kwa kiasi cha maana. Kichupa si mtu. Kinachozuia kimeng'enya kwenye kichupa kinaweza kisifike kwenye ini kabisa, au kikafika kidogo mno. Kwa hiyo simwambii mama kwamba mlonge ni sumu. Akitaka kuuchuma mlonge nyuma ya nyumba akaupika kama mboga, mara mbili tatu kwa wiki, na ini likiwa limetulia, sina neno. Kuuita dawa ya magonjwa mia tatu na kuunywa kwa vijiko ndiko ninakokukataa. Mboga ina kipimo chake, ni tumbo kushiba.

Maneno yanayonikosesha usingizi kwenye pakiti ile ni "na mizizi mingine".

Ini likiumizwa na mitishamba, mara nyingi mwenye kosa si yule aliyetajwa kwa herufi kubwa. Kuna mimea ya jamii ya marejea na mingineyo yenye sumu ziitwazo pirolizidini. Zikiwa kwenye jani hazidhuru sana. Ni CYP3A4 ya ini lako inayojaribu kuzichakata ndiyo inayozigeuza kuwa kali, na mishipa midogo ya ini ndiyo ya kwanza kuziba. Yaani mpara samaki anakatwa na kisu chake mwenyewe. Parasetamoli ikizidishwa huua ini kwa mtindo huo huo, kupitia kimeng'enya kingine, CYP2E1. Hata shubiri ikinywewa kwa muda mrefu imewahi kuleta homa ya ini kwa baadhi ya watu, na mafuta ya mwarobaini yamewahi kudhuru maini ya watoto waliomezeshwa. Halafu kuna udanganyifu wa wazi: mamlaka za dawa duniani zimekuwa zikikuta deksamethasoni kwenye unga wa maumivu, glibenklamidi kwenye unga wa sukari, sildenafili kwenye unga wa nguvu za kiume. Mgonjwa anasifu mzizi kumbe anameza kidonge kilichosagwa, hajui kiasi, na kidonge hicho nacho kinagombania vimeng'enya vile vile.

Naijua pakiti ya aina hiyo. Nilifunguliwa moja juu ya kaunta mwezi uliopita: nailoni nyembamba iliyofungwa kwa mshumaa, karatasi ya fotokopi ndani, unga wa kijani unaoelekea kahawia. Ukinusa, pilipili manga inakupiga puani kwanza, na baadaye harufu ya udongo mbichi. Hapakuwa na jina la mtengenezaji, tarehe, uzito wala namba ya usajili. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Mganga aliyesajiliwa ana mahali anapopatikana, na wapo ninaowaheshimu, wananipigia simu kuniuliza kama mgonjwa wao yuko kwenye dawa gani. Mchuuzi wa mama hakuuliza swali hilo. Angeuliza, angeambiwa ARV, presha na sukari, na kama ana hofu ya Mungu angesita.

Sasa ARV, na hapa nakuomba usome mara mbili.

TLD ni dawa tatu kwenye kidonge kimoja: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tenofoviri na lamivudini hazizuii VVU peke yake, zinazuia pia kirusi cha homa ya ini B. Huku Kanda ya Ziwa wapo wengi wenye kirusi hicho bila kujua, na kama mama ni mmojawao, hizo ARV ndizo zinazolilinda ini lake kwa mwaka wa tisa sasa. Akiziacha ghafla, kirusi B kinaweza kuamka kwa kishindo, na ini lililokwisha kujeruhiwa halitahimili. Muuzaji amemshauri aondoe mlinzi usiku ambao mwizi yuko mlangoni. Omba apimwe homa ya ini B na C katika safari hii hii, kama majibu hayapo kwenye faili lake la CTC, yaani kliniki anakochukulia ARV. Na hata asipokuwa na B, mwezi mmoja bila ARV unatosha kuvirudisha virusi juu. Kama daktari ataona ARV yenyewe ina shida, atabadilisha yeye, kwa vipimo.

Habari njema ni kwamba dolutegraviri haitegemei sana CYP3A4. Njia yake kubwa ni kimeng'enya kingine kiitwacho UGT1A1. Kwa hiyo haiyumbishwi kirahisi kama ARV za zamani, ingawa rifampisini bado inaiweza. Ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu huongezewa dolutegraviri, akaimeza mara mbili kwa siku. Udhaifu wake uko kwingine: madini. Kalsiamu, chuma, magnesi na alumini huishika tumboni isiingie kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kiungulia zinatakiwa kukaa mbali nayo: dolutegraviri imezwe saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Niulizie pia kama mama anakula pemba, vile vijiti vya udongo vinavyouzwa sokoni. Wengi wanadhani ni mambo ya wajawazito tu, lakini nimekutana na wamama watu wazima walioendelea nao miaka ishirini. Udongo una madini hayo, na uliopimwa Geita ulikutwa na mazito zaidi, kama aseniki.

Kuhusu metformini: haichakatwi na ini, inatoka nzima kwa figo. Ila dolutegraviri hupunguza kasi ya kutoka kwake, kwa hiyo kwa mtu aliye kwenye TLD hatuvuki miligramu 1000 kwa siku bila uangalizi. Mama yuko hapo hapo kwenye 1000. Mtu akitaka kumpandishia kwa sababu sukari imepanda, mtaje TLD kwanza.

Daktari atauliza na mengine, jiandaeni kujibu bila kuficha. Diklofenaki ya magoti, anainunua? Hiyo inaumiza maini ya watu wengi kimya kimya. Panado ngapi kwa siku? Pombe, pamoja na gongo? Amewahi kupewa isoniazidi ya kuzuia kifua kikuu karibuni? Uzito umeongezeka, maana mafuta kwenye ini huandamana na sukari? Na kwa kuwa anaishi kisiwani, kichocho lazima kitajwe. Hapa kuna mtego: kichocho cha tumbo hukovusha mishipa inayoingia kwenye ini huku seli zenyewe zikibaki nzima, kwa hiyo ALT inaweza kuwa nzuri kabisa kwa mtu ambaye kesho atatapika damu. ALT yake ikirudi chini baada ya kuacha unga, bado nitapenda afanyiwe ultrasaundi ya ini na bandama.

Kuacha unga nako kuna la kuangalia. Kama kweli ulikuwa unairundika amlodipini, presha itapanda ndani ya siku chache ukishaondoka, na sukari inaweza kusogea pia kwa sababu mwarobaini huishusha. Muuzaji ataitumia nafasi hiyo kusema "umeona?" Mwambie mama mapema, kabla hajaambiwa na mwingine. Apimwe presha kila wiki kwa wiki tatu, aandike kwenye daftari. ALT irudiwe baada ya wiki moja, na baadaye kwa jinsi daktari atakavyopanga. Mara nyingi huanza kushuka ndani ya wiki chache mkosaji akishaondolewa, ingawa uchovu huchelewa kuisha. Ikishashuka asijaribu tena unga huo ati aone kama ndio uliokuwa na kosa. Ini lililoumia mara moja kwa kitu fulani, likikutana nacho tena mara nyingi huumia haraka na vibaya zaidi.

Ukizungumza naye, usianze na pakiti. Anza na miguu yake, na kizunguzungu, mwulize vilianza lini. Mwache ahesabu mwenyewe miezi tangu mwezi wa tatu. Usimtukane muuzaji mbele yake, maana aliyemchagua ni yeye. Alinunua unga ule kwa sababu anaogopa presha na sukari, na labda amechoka kumeza vidonge. Uchovu huo ni wa kweli na daktari anapaswa kuusikia kutoka kinywani mwake.

Siku mtakayokwenda, beba pakiti yenyewe na unga uliobaki ndani yake, usilete jina tu kwenye karatasi. Beba vidonge vyote anavyomeza, hata vya kuongeza damu, kadi ya CTC, na majibu ya ini ya sasa pamoja na ya zamani kama alishawahi kupimwa, ili tujue alianzia wapi. Wingi wa virusi uliopimwa mara ya mwisho uandike juu ya karatasi pamoja na tarehe yake. Kama tarehe hiyo ni ya kabla ya mwezi wa tatu, omba kipimo kipya, kwa sababu hicho cha zamani kilichukuliwa kabla unga haujaingia kwenye uji.